Nyigu Aliyemlaza Nyenze

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa shimo!
— Na shimoni mna nini?
— Mna chakula cha mtu!
— Basi mwenye njaa asogee, na aliyeshiba asisinzie.

Hapo kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, aliishi mjane mmoja, jina lake Kalunde. Alikuwa na watoto watatu na mavyaa yake, Bi Nyamizi, mama wa marehemu mumewe. Tena alikuwa msafi, jamani! Alifua, alifagia, alisugua. Hata kuku wake waliogopa kuingia uani na miguu michafu.

Kila mwaka Kalunde alivuna viazi vitamu. Alivichimba kwa jembe chapuchapu, jembe likakata hiki, likachubua kile. Aliviosha vikang'aa, akavijaza ghalani. Na kila mwaka, kiangazi hakijafika katikati, viazi vilioza vyote.

Mwaka wa kwanza walikula mizizi ya porini. Mwaka wa pili mtoto wa mwisho alivimba miguu kwa njaa, akaponea uji wa kuombaomba. Mwaka wa tatu Kalunde alisimama shambani, akatazama matuta yake, akasema, "Hivi navyo vikioza, nitamzika mwanangu." Akakaa chini, jembe mapajani.

Mtini juu yake nyenze alikuwa akiimba, yule mdudu mpiga kelele wa jua kali. Nzeee! Nzeee! Nzeee! Mara kimya. Nyigu mkubwa alikuwa amemdunga mwiba. Wakaanguka chini wote wawili, pu!

Nyenze alikuwa mzito kumshinda nyigu. Nyigu akamburuta mpaka shinani, akapanda naye mtini, akajirusha, akaanguka. Akamburuta tena, akapanda, akajirusha, akaanguka. Akamburuta mara ya tatu, akapanda, akajirusha, akafika kwenye shimo lake mchangani. Akaingia naye, akatoka peke yake, akafukia.

Kalunde hakuchimba kiazi siku hiyo. Wala siku ya pili; alirudi kutazama tu. Siku ya tatu, nyigu akiburuta nyenze mwingine, Kalunde alishindwa kujizuia.

"Nyigu, mama, hodi! Unamwua huyo?"

"Simwui, namlaza."

"Unamkata?"

"Simkati, namweka mzima."

"Kwa nini, mama?"

"Nikimwua ataoza. Akioza, mwanangu atakula nini? Haya, nipishe, jua linakwenda."

Kalunde akajipiga paja. "Kumbe ghala halina kosa! Ni mimi niliyekuwa nikiviua viazi kwa jembe na maji!"

Siku hiyo jembe lililala nyumbani. Kalunde alifukua viazi kwa vidole, kimoja kimoja, asikichubue hata kimoja. Hakuviosha. Alichimba shimo pakavu, akatandika nyasi, akavilaza na udongo wao, akafukia, akaezeka kibanda juu.

Bi Nyamizi akaja na mkongojo wake. "Kalunde mwanangu! Umevizika viazi? Tena vichafu?"

"Sikuvizika, mama. Nimevilaza."

"Haya. Utaniambia matanga yanaanuliwa lini."

Kiangazi kikaja, kikakaa, kikakaa, kikakaa. Maghala ya majirani yakabaki na panya, kisha panya nao wakahama. Mtoto wa mwisho akaanza kulia usingizini. Ndipo Kalunde akafukua shimo.

Kiazi cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu, kizima, tena kimechipua! Bi Nyamizi akaketi palepale kwenye udongo, akacheka, akalia. "Mwanangu, nilikucheka. Nisamehe. Mungu akuweke." Wakapika. Mtoto akala vitatu, akaomba cha nne, akapewa.

Kalunde akakimbia shambani, moyo umemjaa. "Nyigu, mama!" Kimya. "Nyigu, mama!" Kimya. "Nyigu, mama, nimekuja kukushukuru!" Mchanga ukatikisika, akatoka nyigu mchanga, mabawa bado yamekunjamana.

"Mama yako yuko wapi?"

"Mama? Simjui. Nilipofumbua macho nilikuta chakula kimewekwa."

Kalunde akapiga magoti. Machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa amechelewa: nyigu yule alikuwa ameshakufa. Kisha akajifuta kwa upande wa kanga.

"Basi mimi nilimwona," akasema. "Aliyekuwekea alibeba mzigo uliomshinda uzito. Alipanda akaanguka, akapanda akaanguka, akapanda tena. Hakupumzika. Kaa hapa, mwanangu, nikusimulie habari za mama yako."

Nyigu mchanga akakunja miguu, akasikiliza mpaka mwisho.

Hadithi yangu inafunza hivi: chakula ulichokikuta, yupo aliyekiweka. Ukimkuta, mshukuru. Usipomkuta, wasimulie watoto habari zake.

Hapo ndipo nilipofukia shimo langu. Anayetaka zaidi achimbe, ila asichimbe penye nyigu. Na vile viazi viwili kwenye majivu ni vyangu, nimevihesabu tangu mwanzo.