Jogoo Ndani ya Spika

Tajiri mmoja wa Tanga, Bwana Mahfudhi, aliuza nyumba mbili akanunua spika mbili. Siku aliyoalika wageni waje kuzisikiliza, jogoo wa jirani yake akawika katikati ya taarabu. Tajiri akatoka mbio hadi kwa Bi Zamda, mwenye jogoo.

"Mchinje sasa hivi! Ananiharibia muziki!"

"Nitamchinja, Bwana. Ila kwanza nami nizisikie hizo spika."

Akaketishwa sebuleni pamoja na wageni. Wimbo ukaanza, na kule uani jogoo akawika tena.

Bi Zamda akafumba macho. "Loo! Kumbe nyuma ya mpiga fidla pana jogoo! Kwenye redio yangu sijawahi kumsikia. Au wenzangu hamumsikii?"

Wageni wakatazamana.

"Tunamsikia!" mmoja akawahi kusema.

"Mimi nasikia hata anavyopiga mbawa!" akadakia mwingine.

Bwana Mahfudhi hakutaka kupitwa na wageni kwenye spika zake mwenyewe. "Hiyo ndiyo raha ya kitu ghali," akasema.

"Na wangu, nimchinje?"

"Wako ana kosa gani?"

Alfajiri, spika zikiwa zimezimwa, jogoo akaamsha mtaa mzima. Majirani, waliokwisha kusikia habari za jogoo wa kwenye spika, wakamfuata tajiri.

"Bwana, hata zikizimwa zinawika?"

"Mnadhani nyumba mbili niliziuzia nini?"