Kwiki-Kwiki ya Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitika kama wageni. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, wanyama wote wa nyikani walichota maji mtoni. Na mtoni alikaa Mamba. Alikaa kimya, macho juu, tumbo chini. Ukiinama kuchota, chwapu! Kesho yake kwenu wanatandika mikeka ya matanga.

Mama Ngiri alikuwa na watoto wawili. Mamba akamla mkubwa. Akabaki Kidawa, binti yake mdogo. Mama Ngiri alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akafuta pua, akasema, "Huyu hampati. Kidawa hakanyagi mtoni tena."

Akashika kuchimba uani kwake. Tifu, tifu, tifu! Akachimba mpaka maji yakatokea. Lakini kisima kirefu jamani! Akateremsha kata kwa kamba ya mkonge. Ikatoka chini imejaa, ikafika juu nusu. Mama Ngiri akakaa kuitazama ile kamba. Ilikuwa ikidondosha maji, na kwenye mafundo yakidondoka mengi zaidi.

"Ala! Kumbe fundo linabeba maji!"

Basi akakata mwanzi mrefu, akautoboa ndani, akausimamisha kisimani. Akaokota gurudumu la baiskeli lililotupwa njiani, akalitia mpini. Akakata ndala kuukuu vipande vya duara, akavifunga kwenye kamba kama mafundo. Kamba ikazunguka gurudumu, ikashuka kisimani, ikapandia ndani ya mwanzi. Akazungusha. Kwiki-kwiki, kwiki-kwiki, chwaa! Maji! Haya, semeni nami. Kwiki-kwiki, kwiki-kwiki...

Chwaa!

Fisi akaja kutazama, na Tembo nyuma yake. Tembo alikuwa na pampu yake iliyotoka nchi za mbali, inang'aa mpaka unajiona meno. Iliharibika siku nyingi, na fundi wake haijulikani atakuja lini. Ndege walishajenga kiota mdomoni mwa pampu.

"He! Mama Kidawa," akasema Fisi, "hii pampu au jaa?"

"Kitu cha kuokotezaokoteza," akasema Tembo. "Hakifiki Ijumaa."

Hawajafunga midomo, kamba hiyo, pa! Ikakatika juu ya gurudumu.

Fisi akagaagaa kwa kicheko. "Si tulisema? Haya, Kidawa, chukua kata mwanangu. Mtoni!"

Kidawa akamtazama mama yake. Mama Ngiri akairukia kamba. Aliiwahi ncha ya kamba kwa meno isitumbukie. Akavuta nyuzi za mkonge alizozianika ukutani, akasokota, akaunga, akakaza. Fisi bado anacheka. Kwiki-kwiki, kwiki-kwiki...

Chwaa!

Maji yakamrukia Fisi usoni.

"Imekatika, nimeunga," akasema Mama Ngiri. "Kesho ikikatika, nitaunga. Yako, shemeji Tembo, inamsubiri nani?"

Tembo akatazama chini. Akakohoa. "Mama Kidawa, nitengenezee na mimi."

"Sikutengenezei. Kaa hapa nikuonyeshe, utengeneze mwenyewe."

Tembo akakaa. Fisi naye, uso umelowa chepechepe, akakaa. Wengine wakasikia, wakaja na mianzi yao begani.

Kiangazi kilipoingia, kila ua ulikuwa na kwiki-kwiki yake. Nyingine zimepinda, nyingine zinapiga kelele kuamsha mtaa, lakini zote zinatoa maji. Mamba akakaa mtoni, akasubiri. Hakuja mtoto wa mtu.

Mama Ngiri alisimama uani, kichwa juu, akisikiliza. Kwa Tembo, kwiki-kwiki. Kwa Fisi, kwiki-kwiki. Na hapo ubavuni pake Kidawa anazungusha mpini, anaimba, mzima wa afya. Mama Ngiri akajivuna. Acheni ajivune!

Basi wanangu, nanyi watu wazima mlionisikiliza, shikeni hili: kitu mlichokiunda wenyewe, siku kikiharibika mnajua pa kushika. Na mkijua, wafundisheni jirani. Hadithi yangu naitua hapo.