Firigisi ya Kuku wa Bibi

Mama Kunda alikuwa ameinamia beseni, anakamua mashuka, shemeji yake Sifuel alipoita toka barabarani: "Shemeji! Gari limezima kilimani, na Bibi yumo!"

Bibi, mama mkwe wa Mama Kunda, alikuwa anapelekwa kupasuliwa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wanaondoka jioni ile hadi mwaka mwingine, na jicho lisingengoja.

Nyumba hiyo, wasikilizaji, ilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Binti, Kunda, alikuwa na sikio: injini ikikohoa, anakwambia inaumwa wapi. Sifuel alijua kila kitu kilichotupwa mlima mzima. Mkwe wao Naetwe, mke wa kaka yake Kunda aliyeko mjini, alikuwa na mikono ya fundi.

Na Baba Kunda, mwenye gari? Yeye alikuwa na mdomo.

Wote wakakimbilia kilimani. Kunda alisikiliza stata ikipigwa. "Distributa," akasema. "Haigawi moto kwenye plagi. Imelika, inacheza. Si nilisema tangu Pasaka?"

"Ulisema, nikakuambia kaoshe vyombo," baba yake akajibu bila haya.

Sifuel alipanda mbio kwa jirani mwenye gari bovu la aina ileile, akamfukuza tetea aliyeatamia chini ya boneti, akarudi na distributa kwapani, manyoya kichwani.

Naetwe alikwaruza kwa msumari alama ya mahali ilipokaa, akatoa mbovu, akapachika nzima. "Baba, toa mkono! Kunda, piga stata!" Akaizungusha taratibu mpaka mngurumo ukatulia.

Bibi aliwakuta madaktari hawajafunga mizigo.

Jioni alirudi na bandeji jichoni, akaamuru kuku wake achinjwe. Uani, Baba Kunda alikuwa anamsimulia jirani: "Nimelitengeneza mwenyewe."

"Wewe?" Mama Kunda akamaka. "Ulishika nini zaidi ya kiuno?"

Akapakua ugali, akahesabu vichwa: wote sita wapo. Baba Kunda akasogeza sahani. "Firigisi ni ya mwenye nyumba."

"Leo ni ya aliyeniokolea jicho," Bibi akasema. "Na isikatwe. Heshima haikatwi vipande."

"Bila mimi mngefungua kabureta mpaka kesho," Kunda akasema.

"Ungeijua mbovu, ukaweka nini mahali pake? Kopo?" Sifuel akamjibu.

"Bila mimi mngeivaa shingoni kama hirizi," Naetwe akamaliza.

Mama Kunda amesimama, upawa hewani, ugali unapoa. Nanyi mnaokula firigisi kila Jumapili bila kuulizwa mlichofanya, nyamazeni kwanza. Wengine, semeni: upawa ungekuwa mkononi mwako, ungeiweka kwenye sahani ya nani?