Kipepeo Kilichomshusha Upepo

Paukwa?

Pakawa.

Nyie wa huko nyuma mna uji mdomoni? Paukwa?

Pakawa.

Pakawa kibao kitupu, kikachongwa kikapata uso, uso ukapuliza. Kaeni sawa. Hii hakuna anayeijua kunishinda.

Hapo kale, nchi ya Japani, palikuwa na Isaku, mchongaji. Alichonga picha kwenye ubao, akaupaka rangi, akalaza karatasi juu yake, akasugua. Karatasi ile aliibandika kwenye njiti za mianzi, ikawa kipepeo cha mkono. Cha kujipepea, si mdudu, wewe unayecheka.

Mwaka huo Upepo alisusa. Alipanda mlimani, akakaa. Joto likakishika kijiji mpaka kuku wakawa wanalala wameachama midomo. Mama yake Isaku, Bi Kane, mchapaji hodari wa zamani, akawa hoi mkekani, pumzi inakuja kwa mafungu.

Isaku akapanda mlima mbio. "Mzee Upepo, shuka. Mama anakufa."

"Mmechapa mawimbi, mmechapa maua, mmechapa hata paka," Upepo akasema. "Mimi je? Nichape uso wangu kwenye kipepeo. Uso utakakoelekea, ndiko nitakakokwenda. Nakupa mara tatu."

"Tatu za nini? Moja inanitosha."

Akateremka. Mama akamwita, "Mwanangu, ngoja nikwambie."

"Pumzika, mama. Kazi naijua."

Akachonga chwa, chwa, chwa, uso ukitazama kushoto, kiliko kijiji. Akachapa. Lo, kushoto kwa ubao ni kulia kwa karatasi. Akapepea, na Upepo akageuka, akavuka mlima, akaenda zake ng'ambo. Akarudi kileleni anacheka. "Moja hiyo."

"Mwanangu, ngoja nikwambie."

"Pumzika, mama. Kazi naijua."

Safari hii aliugeuza uso. Akachonga vibao viwili, kimoja cha kuchapa mistari, kingine cha kuchapia rangi ya buluu juu yake. Lakini karatasi aliilaza kwa kukisia tu, mdomo wa buluu ukaangukia sikioni. Akapepea. Upepo akaja mbio, akapuliza kwa sikio, upande upande, akang'oa paa la jirani, akaikosa nyumba ya Bi Kane. "Mbili hizo."

Sasa pumzi ya mama ilikuwa nyembamba kama uzi. Isaku akapiga magoti.

"Mama, kazi siijui. Niambie."

"Mchoro ubandike kifudifudi juu ya ubao, uchonge ukiwa hivyo hivyo. Halafu kila kibao ukikate alama pembeni, ncha ya karatasi ikae humo. Baba yako naye nilimwambia mara tatu. Mbishi kama wewe."

Akabandika kifudifudi. Akakata alama. Akalaza, akasugua, akasugua, akasugua. Uso ukatoka unatazama kijijini, mdomo mahali pake. Akabandika kwenye njiti, akapepea mara moja tu.

Upepo huyo, bondeni. Huyo, mlangoni. Huyo, mkekani. Kuku wakafumba midomo. Bi Kane akavuta pumzi ndefu, akaketi, akakichukua kipepeo, akakigeuza huku na huku.

"Buluu imezidi," akasema.

Hapo ndipo njiti za ngano yangu zilipoishia; mwenye karatasi abandike yake. Funzo ni hili: mjuaji, uliza mapema, mwenye kukujibu akiwa bado ana pumzi.

Mimi? Mimi siulizi, nazijua zote. Haya, nani amekalia viatu vyangu?