Zimwi Lisilotoa Ruhusa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mlima!

Tuupande!

Juu ya mlima palikuwa na mwenyeji!

Atukaribishe!

Haya, polepole. Msikimbilie kukaribishwa kabla hamjamjua anayekaribisha. Kaeni, nyie wa nyuma sogeeni.

Hapo kale palikuwa na mji wa wachimba magadi, kando ya ziwa jekundu kama bizari ya manjano iliyotiwa magadi ikageuka rangi. Watu wa mji huo walikuwa na adabu. Adabu, adabu, adabu! Mgeni hainuki kitini mpaka mwenyeji amwambie, "Haya, nenda salama." Akiinuka bila ruhusa, watamsema yeye, na mama yake, na wajukuu zake ambao hawajazaliwa.

Mzee Shomvi wa mji huo alikwenda kumpa pole jirani aliyeumwa. Jirani akasahau kumruhusu, akalala. Mzee Shomvi akakaa siku tatu. Siku tatu! Mkewe akawa anamletea uji huko huko. Na mji ukamsifu.

Mnacheka? Wao hawakucheka.

Basi, juu ya mlima ule, walisema, kulikuwa na nchi ambazo jicho likiziona haliamini. Chumvi iliyolala kama kioo. Chemchemi za rangi zote. Mawe yaliyosimama kama watu. Vijana wakawa wanakwenda kutazama. Wakienda, hawarudi.

"Wamependezewa huko," wazee wakasema, wakaendelea na kahawa yao.

Siku moja akaenda Mashavu, binti mkubwa wa Bi Rehani. Mwezi wa kwanza hakurudi. Mwezi wa pili hakurudi. Mwezi wa tatu hakurudi. Mdogo wake, Sikudhani, akawaendea wazee.

"Mtu anapendezewa miezi mitatu bila kumkumbuka mama yake?"

"Binti, una mdomo wewe."

"Ninao. Dada ndiye sinaye."

Basi kesho yake akajifunga kanga, akapanda mlima peke yake kwenda kumrudisha dada yake.

Juu akakuta nyumba. Mlango wa mbele uko wazi.

"Hodi!"

"Karibu, karibu, karibu!"

Akatoka bwana mrefu, kanzu nyeupe, kilemba kikubwa, sauti laini kama samli. Sikudhani hakujua kwamba lile ni zimwi. Angejuaje? Zimwi lenye harufu ya udi!

"Shikamoo, bwana. Nimemfuata dada yangu, Mashavu."

"Marahaba, binti. Yupo, yupo. Anatembea huko ndani. Kwani una haraka gani? Umeshaona chumvi?"

Likamfungulia mlango wa kwanza.

Uwanja mweupe, hauna mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji yamekaa juu ya chumvi, kina chake ukucha tu. Mbingu yote ilikuwa imeshuka humo. Sikudhani akatembea juu ya mawingu. Ndege wekundu wakapita juu yake, na wengine, wale wale, wakapita chini ya nyayo zake.

Palikuwa pazuri, wanangu, siwadanganyi. Lakini Mashavu hakuwepo.

"Bwana, nimeona, ahsante. Naomba ruhusa nikamtafute dada yangu."

Zimwi likatabasamu. Likampa mgongo, likavua kilemba. Kisogoni palikuwa na mdomo wa pili, wenye meno mpaka masikioni. Mdomo ule ukasema:

"Bado."

Sikudhani akahisi baridi miguuni. Akatazama. Vidole vyake vimekuwa jiwe.

Mtaniuliza, mbona hakukimbia? Hakukimbia kwa sababu alilelewa. Mwenyeji amesema bado. Mgeni hukaa.

Zimwi likafunga kilemba chake. "Hujaona chemchemi wewe!" Likafungua mlango wa pili.

Ardhi yote inachemka. Dimbwi la buluu, kandoni kijani, kandoni tena manjano kama kiini cha yai, na vilima vidogo vya kiberiti vinavyotoa moshi. Pale maji yanaruka juu kuliko mnazi, yanatulia, yanaruka tena. Sikudhani akatembea kwa kuburuta miguu, anaita, "Mashavu! Mashavu!" Akajibiwa na maji.

"Bwana, nimeona. Naomba ruhusa."

Likageuka. Likavua kilemba.

"Bado."

Jiwe likapanda mpaka magotini.

Basi zimwi likamsukuma kwa upole, kwa adabu kabisa, hadi mlango wa tatu. "Haya ni mawe yangu," likasema. "Haya ndiyo nayapenda kuliko vyote."

Bonde zima la mawe. Marefu, membamba, mamia na mamia, yamesimama bega kwa bega, na jua linapita katikati yake likiyatia rangi ya shaba. Sikudhani akalikaribia moja. Jiwe lina pua. Akatazama jingine. Lina ushungi. La tatu lilikuwa jiwe mpaka kifuani tu, na juu ya kifua palikuwa na uso wa mtu anayepumua.

"Mashavu!"

"Sikudhani? Umekuja, mdogo wangu? Umekula?"

"Nimekula nini! Twende nyumbani."

"Hajaniruhusu."

"Miezi mitatu, dada!"

"Nimeomba mara nne. Ananiambia bado. Labda kesho."

"Kesho utakuwa jiwe lote!"

Mashavu akateremsha macho. "Nikitoka bila ruhusa watasema Bi Rehani hakulea. Mama atauweka wapi uso wake?"

Sikudhani akaligeukia zimwi. Bado akaomba kwa adabu. "Bwana, naomba ruhusa. Mimi na dada yangu."

Likageuka. Likavua kilemba.

"Bado."

Jiwe likafika kiunoni, naye akashindwa kusogea hata kidogo. Mbele mawe, nyuma mawe, kulia mawe. Na yale mawe yote, akatambua sasa, yalikuwa watu wenye heshima zao, wamesimama wanangoja kuambiwa nenda.

Hapo ndipo hasira ilipompanda.

"Bwana, nikuulize. Mgeni akiomba ruhusa, mwenyeji hufanya nini?"

"Humpa," zimwi likasema kwa mdomo wa mbele.

"Asipompa?"

"Humwambia bado."

"Sawa. Mara ya kwanza humwambia bado ili mgeni ale. Umenilisha nini?"

Zimwi likazungusha kilemba mkononi.

"Mara ya pili, ili afungiwe chakula cha njiani. Umenifungia nini?"

Likakizungusha tena.

"Mara ya tatu ni ya nini, bwana?"

Mdomo wa nyuma ukapiga kelele: "Bado!"

"Basi wewe si mwenyeji, na mimi si mgeni wako. Umenifunga. Na aliyefungwa haombi ruhusa kwa aliyemfunga. Naondoka!"

Akavuta mguu. Jiwe likapasuka, kaa! Akavuta wa pili. Kaa! Vipande vikamwagika chini. Akaukimbilia mlango wa tatu, akaukuta wazi. Wa nje, wazi. Hapakuwa na kufuli, hapakuwa na komeo, hapakuwa na mlinzi. Tangu siku ya kwanza, wanangu, ilikuwa wazi!

Akarudi kumvuta Mashavu. "Piga hatua!" Mashavu analia, hapigi. "Piga hatua, dada!" Hapigi. "Dada, piga hatua!"

"Mama ataaibika," Mashavu akasema, na jiwe likapanda shingoni.

Sikudhani akaona kuwa kwa kuvuta hatamweza. Akateremka mlima mbio.

Akawakuta watu wamejaa uani kwa Mzee Shomvi, wanakunywa kahawa, na mama yake yumo. Akawaeleza yote. Chumvi, chemchemi, mawe, mdomo wa kisogoni. Alipomaliza, Mzee Shomvi akakohoa.

"Huyo bwana alikuruhusu kuondoka?"

"Hakuniruhusu."

"Ukatoka?"

"Nikatoka."

"Aibu," wakasema wa kulia. "Aibu," wakasema wa kushoto. "Aibu!" wakasema wote. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Mashavu jiwe limemfika wapi.

Bi Rehani akaweka kikombe chini. Akasimama.

"Bi Rehani," Mzee Shomvi akasema, "kahawa bado haijaisha."

"Imalizie."

"Hata ruhusa hukuomba!"

"Leo siombi."

Akatoka na Sikudhani, mji mzima ukimtazama mgongo.

Walipofika juu ya mlima hakupiga hodi. Zimwi likasema, "Karibu, karibu, ka..." Akalipita kama anavyopitwa mbuzi aliyelala njiani. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya binti yake. Jiwe lilikuwa limefika midomoni. Yalibaki macho.

"Mashavu, nitazame. Nimetoka kwa Mzee Shomvi sasa hivi, bila ruhusa, na kahawa nimeiacha nusu. Ile aibu uliyokuwa unanikingia nimeshaipata. Haikuniua. Nimepanda nayo mlima mpaka hapa. Sasa piga hatua, mwanangu."

Kaa!

Kisha tena, kaa! Kifua, kiuno, magoti. Mashavu akaangukia mikononi mwa mama yake, mwepesi kama mtoto.

Zimwi likavua kilemba. "Bado!" likasema. "Bado! Bado!" Likawa linazunguka, linazunguka, halina wa kumwonyesha kisogo, maana hakuna aliyegeuka kulitazama.

Walipopita kwenye ile chumvi, Mashavu akasimama. Miezi mitatu alikuwa hajaitazama sawasawa. Wakakaa hapo wote watatu, wakaitazama mbingu iliyolala chini, wakatazama mpaka wakatosheka. Kisha wakaondoka. Na yale mawe mengine yamesimama mpaka leo, yanangoja kuruhusiwa.

Hadithi yangu naitua hapa, mabega yamechoka. Anayeitaka aichukue.

Nanyi wanangu, nendeni mkaione dunia. Ina maajabu kweli, wala msikubali kunyimwa. Ila mtu akikukaribisha vizuri halafu kila ukitaka kwenda anakwambia bado, usingoje mara ya nne. Inuka.