Lori la Jeshi na Mjane wa Kuze

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Wahenga waliotuachia maneno haya hawakuwahi kuona lori, seuze kulinunua, lakini walijua kwamba mpita njia huona kuta na rangi tu, na anayevujiwa ndiye ajuaye bati lipi limetoboka. Methali hii huwachoma zaidi wajuzi, maana mjuzi hapendi kuambiwa kuna asilolijua. Ngowa wa Bamba alikuwa mjuzi wa namna hiyo.

Alikuwa fundi wa magari kisiwani Mombasa kwa miaka ishirini. Mvua zilipokosekana kwao Bamba kwa msimu wa tatu mfululizo, na mabwawa yakakauka hadi udongo ukapasuka, watu wa kijiji walimwita nyumbani. Walikuwa wameuza mbuzi waliobaki kabla kiu haijawamaliza. Wakamkabidhi fedha zote, wakamwambia, "Tutafutie lori la kututekea maji. Barabara yetu waijua."

Aliijua sana. Ilikuwa barabara ya mchanga unaomeza magurudumu na vilima vya mawe. Lori la kawaida lingekwama siku ya kwanza. Mamake, Bi Kadzo, alimsindikiza hadi stendi, akamwambia, "Ukikosea, mwanangu, usituletee pole. Pole hainyweki."

Alitafuta kwa wiki sita bila mafanikio. Hatimaye, asubuhi ya Jumanne moja, alijikuta katika yadi nyuma ya Mwembe Tayari, mbele ya lori kuukuu la jeshi. Lilikuwa la miaka ya sitini, limeinuka juu ya magurudumu mapana, na yote manne yalikuwa yakivuta. Rangi yake ya kijani ilikuwa imepakwa upya toka taa hadi mkia. Ngowa alilipenda papo hapo, na kwa mnunuzi, kupenda ni maradhi.

"Lilikuwa la marehemu ami yangu, Bwana Huzaifa," alisema muuzaji, kijana nadhifu aliyeitwa Khubaib, kanzu yake nyeupe pepepe katikati ya vyuma na grisi. "Naliuza kwa niaba ya mjane wake. Injini ni ile ile ya jeshi, bwana. Ya asili. Haijaguswa."

Ngowa alikuwa amefuatana na rafiki yake Morris, fundi wa injini. Morris alikuwa hodari kweli kweli, ila hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kwamba kuna injini asiyoijua. Wakafungua boneti, wakainama, kisha wakatazamana.

"Kitabu cha usajili chasema petroli," Ngowa alisema. "Mbona sioni plagi? Kabureta nayo iko wapi?"

Mahali pa vitu hivyo palikuwa na pampu ya dizeli na mirija sita myembamba ya chuma iliyokwenda kwenye nozeli. Hiyo haikuwa injini iliyotoka na lori kiwandani. Ubavuni palibaki matundu manne ya skrubu. Kibati chenye jina na namba ya injini kilikuwa kimeng'olewa, na rangi nzito ya kijani imefunika kila kitu.

Khubaib alikohoa. "Mimi ni mtu wa duka la vitambaa, ndugu zangu. Injini siijui."

Hapo ndipo Ngowa alipoingiwa na wasiwasi. Bila namba, lori lisingeweza kuandikishwa kwa jina la mnunuzi. Bila kujua aina ya injini, angenunua vipuri gani? Likiharibika kule Bamba lingebaki banda la kuku. Morris hakuona tatizo. Katika muda wa saa moja aliitambua injini ile mara tatu: kwanza ilikuwa ya trekta, kisha ya basi, kisha ya boti. Khubaib alikubali zote.

"Na hiki ni nini?" Morris aliuliza, akikiinua kifuniko cha rejeta, pale yanapotiwa maji ya kupoza injini. "Hakina springi wala mpira! Mafundi wa zamani, Mungu awasamehe." Akatoa kipya mkobani mwake, akakikaza barabara.

Wakaunganisha betri, wakapiga stati. Injini ilishika mara ya pili, ikanguruma kwa sauti nzito iliyotulia, na Ngowa akahisi furaha ikimpanda hadi kooni. Akilini akaona tangi la maji likipanda vilima vya Bamba. Akaona kina mama wakiteremsha ndoo. Lakini baada ya dakika ishirini, rangi ya kijani ubavuni mwa injini ilianza kutoa jasho, na jasho likawa mchirizi wa maji.

"Imepasuka," Morris alisema, akipangusa mikono. "Ni chuma chakavu hiki. Twende zetu."

Furaha ya Ngowa ilizima kama kibatari kilichopulizwa. Hata hivyo miguu yake ilikataa kuondoka.

"Marehemu alikuwa akilitengeneza na nani?" alimuuliza Khubaib.

"Peke yake," Khubaib alijibu, kisha akakumbuka. "Mkewe alikuwa akimshikia taa."

Morris aliangua kicheko. "Sasa tukaulizie injini jikoni?"

Ngowa naye alikaribia kucheka. Fundi wa miaka ishirini akaombe elimu kwa mshika taa! Lakini akaikumbuka kiu ya kwao, na kicheko kikamkauka mdomoni. "Tupeleke," alimwambia Khubaib.

Walitembea hadi mtaa wa Kuze, vichochoroni ambamo lori lile lisingepitisha hata pua. Bi Zakiya, mjane wa Huzaifa, alikuwa edani, amebakisha mwezi mmoja katika ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani. Khubaib aliingia kumwarifu. Ngowa na Morris wakasimama barazani, mbele ya pazia la mlango.

"Hodi, mama. Shikamoo. Poleni kwa msiba," Ngowa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tushapoa," ilijibu sauti tulivu kutoka ndani. "Khubaib anieleza mwataka kujua habari za injini. Kabla ya yote, n'ambieni: mmebadilisha kifuniko cha rejeta?"

Ngowa alimtazama Morris. Morris akatazama viatu vyake.

"Tumebadilisha, mama."

"Ikatoa jasho ubavuni, upande wa ekzosi?"

"Naam."

"Basi haina maradhi. Ni nyinyi." Kikasikika kicheko kidogo nyuma ya pazia. "Injini ya jeshi ilikufa zamani, mwanangu. Hii tuliinunua kwenye kiwanda cha barafu kilichofungwa. Ilikuwa yazungusha jenereta. Ya dizeli, silinda sita. Ilikuwa na ufa urefu wa kidole, ndipo tukaipata sisi wanyonge. Huzaifa akaushona kwa skrubu za shaba, moja baada ya moja, siku tatu, nami nimeshika taa hata mkono ukafa ganzi. Ufa ulioshonwa hautaki maji yafungiwe presha. Ile springi aliing'oa kusudi. Miaka ishirini haikutoa tone."

"Na kibati, mama?" Morris aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mwanafunzi.

"Kilikuwa chalegea kwa mtetemo, akakiweka ndani." Mkono ukatokea ukingoni mwa pazia, umeshika kifurushi cha leso. Ndani mlikuwa na kibati cha shaba na cheti cha ukaguzi wa injini iliyobadilishwa. "Kwenda kubadilisha kitabu, akawa asema kesho, kesho, hata mauti yakamtangulia. Namba yenyewe imepigwa chini ya pampu, vidole vitatu kutoka pembeni. Kwangueni rangi mtaiona."

"Mbona Khubaib hakutwambia haya?" Ngowa aliuliza.

"Aliniuliza bei tu."

Khubaib, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifanya anakunja mkono wa kanzu.

"Tena sikufichi," Bi Zakiya aliendelea. "Kwa kuwa presha hakuna, maji hupungua. Kila safari sharti uyaongeze, na kwenye mlima usilikimbize. Hiyo ndiyo ila yake. Ukilitaka, litwae kwa heri, usipolitaka, sikulaumu."

Ngowa alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama, lori lenyewe lakwenda kubeba maji! Likiona kiu, si litakunywa katika mzigo wake?"

Walirudi yadini. Wakakwangua rangi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, na namba zikajitokeza moja moja, sawasawa na zile za kibatini. Morris mwenyewe ndiye aliyekirudisha kifuniko cha zamani bila kuambiwa. Wakaiwasha tena injini, wakaisubiri saa nzima, na ubavu wake ukabaki mkavu.

Wiki tatu baadaye, kitabu kikiwa kimesahihishwa, Ngowa aliliondoa lori yadini, Morris kando yake, tangi kubwa lililojaa maji limefungwa mgongoni. Kwa heshima ya mjane ambaye bado hakuweza kutoka, alipita barabara kuu iliyo karibu na Kuze, taratibu, akapiga honi mara moja. Alipofika Makupa, akitoka kisiwani, simu ikalia. Akaegesha kando, akapokea.

"Nakupigia nikiwa kwa Bi Zakiya," alisema Khubaib. "Amekusikia ukipita. Alilia, kisha akatabasamu. Asema gia ya tatu waiingiza mapema. Ingojee injini ishushe pumzi kwanza."

Ngowa aliona aibu na furaha kwa pamoja. Aliporudi barabarani aliingoja injini ishushe pumzi, na gia ikaingia laini, bila ule mkwaruzo aliokuwa ameuhesabu kuwa uzee wa lori. Jioni ile maji yalimwagika katika ndoo za Bamba huku watoto wakilowa kwa makusudi na kina mama wakipiga vigelegele. Watu wakamsifu Ngowa kwamba hakuna fundi aijuaye injini kama yeye.

"Mimi sikujua kitu," Ngowa aliwajibu mbele ya wote, na Morris akaitikia kwa kichwa. "Aijuaye ni mama mmoja wa Kuze aliyeishi nayo miaka ishirini. Nyumba usiyolala ndani, hujui ila yake."