Nani Atajwe, Nani Awe "na Wenzake"

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Nina fundo ambalo kucha zangu zimeshindwa kulifungua, labda zenu zitaliweza.

Katika kituo kimoja cha utafiti wa mihogo, kule Kanda ya Ziwa, walikuwapo watafiti watatu. Leokadia alikuwa na macho: akipita shambani, jani lenye walakini halimpiti. Mkama alikuwa na subira ya kompyuta: alisoma vinasaba vya virusi, herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele. Mwanahija alikuwa na kalamu. Mkubwa wao alikuwa Profesa Kokushubila, na taabu ya hadithi hii ni yake.

Mwaka ule, mihogo ya mbegu iliyosifiwa kuwa haiugui ilianza kuoza ardhini. Profesa akaagiza aletewe majani yaliyougua. Leokadia akazunguka wilaya tisa, akayaleta, kisha akaongeza mia mbili mazima.

"Mazima ya nini, na friji imejaa?" Profesa akamgombeza.

"Mama, mzizi umeoza na jani linacheka. Jani hilo mimi siliamini."

Majani yale yakafika kwa Mkama. Profesa akamwambia ayalinganishe na virusi vinavyojulikana, amalize. Mkama akalinganisha, asione kitu. Basi akakaa miezi mitano akitunga programu yake mwenyewe, ya kuunga vipande vya vinasaba bila kufuata mfano wa zamani.

"Unapoteza muda," Profesa akamwambia.

"Profesa, mgeni hatafutwi kwa picha za jamaa zako."

Akakipata kirusi kipya, kimejificha ndani ya majani mazima. Programu ile leo inatumika katika maabara nyingi, na nyingi hazijui aliyeitunga ni nani.

Mwanahija akaandika makala. Jarida la kwanza likaikataa, la pili likaikataa. Profesa akachoka: "Ipeleke popote, yaishe." Mwanahija hakuipeleka popote. Alirudia matokeo yote tangu mwanzo, akagundua kwamba walikuwa wakiuliza kwa nini mihogo inaoza, wakati swali lilikuwa mbegu zinachaguliwaje. Zilichaguliwa kwa kutazama majani: jani likiwa zima, mbegu hupita. Kumbe wakulima walikuwa wakigawiwa ugonjwa kwa mikono miwili! Akaandika upya, jarida kubwa likakubali, na ugawaji wa mbegu ile ukasimamishwa kabla ya mvua.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vilikuwa vitatu. Lakini sikilizeni desturi ya watu hawa. Makala ikitajwa, hutajwa jina la mwandishi wa kwanza kwenye orodha tu, waliobaki huitwa "na wenzake". Jina la mwisho ni kiti cha mkubwa, yaani Profesa, ambaye, kama mlivyosikia, alimkatisha tamaa kila mmoja wao.

Na kituo kina nafasi moja ya ajira ya kudumu. Bodi itampa atakayetangulia kwenye makala hii. Wawili watakaobaki, mikataba yao inaisha Juni.

Siku ya kujaza majina kabla makala haijachapwa, mwisho ukiwa saa kumi jioni, Mkama aliingia ofisini akabaki amesimama. Ana makala kumi na saba, na katika zote jina lake liko katikati. Mwaka jana bodi ilimwambia haioni kazi yake ni ipi.

"Nimekuwa wenzake mara kumi na saba, Profesa. Nikiwa tena, narudi dukani kwa shemeji kuwachapia watu barua."

Leokadia akamfuata. "Namwonea huruma Mkama, Mama. Lakini yale majani ningeyaacha shambani, angesoma nini?"

Kisha akaja Mwanahija. Aliweka mezani zile barua mbili za kukataliwa, akatoka.

Profesa aliumia. Ujanani alifanya kazi ya miaka minne ambayo mpaka leo inatajwa kwa jina la mwanamume mmoja na wenzake. Alijiapiza kwamba hatamfanyia mtu hivyo. Sasa ilimbidi awafanyie wawili, na wote watatu walikuwa wamefaulu kwa kutomsikiliza yeye.

Msiniambie aweke kinyota kando ya majina cha kusema walichangia sawa. Kinyota hakisomwi na bodi. Msiniambie afuate alfabeti, kwani alfabeti haikutembea wilaya tisa, haikutunga programu, wala haikukataliwa mara mbili.

Saa tisa na nusu imepita. Nafasi ya jina la kwanza bado tupu, na watatu wale wamekaa benchi moja nje ya mlango. Haya, shikeni nyinyi kiti cha Profesa: mngeanza na jina la nani? Na mkifungua mlango ule, wale wawili mngewaambia nini?